Pipa lenye mabawa: ndeke ya Waswedi ile iligeuza vita mu anga ya Katanga

Vijana wengi wa Likasi wamejua vita ya mu 1961 kwa njia ya filamu. Mu 2016 ilitoka «The Siege of Jadotville», Jamie Dornan akiigiza kama Commandant Pat Quinlan, mkubwa wa basoda wa Ireland. Filamu ilipigwa Afrika ya Kusini, si hapa, na mtoto wa Kikula ao wa Panda anaweza kuiangalia kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kutambua hata kilima kimoja. Lakini kuna jambo moja filamu inaonyesha ambalo ni kweli kabisa: ndeke moja, peke yake, inakuja, inapiga, inakwenda, inarudi tena, na watu wa chini hawana kitu cha kuijibu.

Kisha filamu inaisha. Haielezi kile kilifuata. ONU, kisha kupata haya Jadotville, ilitafuta ndeke zake za vita, na kati ya zile zilikuja kulikuwa na moja ya umbo la ajabu: fupi, nene, tumbo mbele, mdomo wazi sawa samaki. Hiyo njo ilirudi mara na mara juu ya Katanga mpaka mwanzo wa 1963. Mu mabishano ya watu ndeke hizo mbili zinachanganywa, ile ya Tshombe na ile ya ONU, kama vile ilikuwa moja. Habari hii ni ya ile ya pili. Mu karatasi za kiwanda inaitwa Saab 29. Waswedi wenyewe waliiita Tunnan, ni kusema «pipa».

Siku tano za Septemba

Ili kuelewa juu ya nini pipa hilo lilikuja, lazima kurudi nyuma kidogo. Tarehe 11 mwezi wa 7, 1960, siku 11 tu kisha uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa inchi ya kujitegemea. Union Minière du Haut-Katanga, mama ya Gécamines, iliendelea kulipa kodi Elisabethville pahali pa Léopoldville. Kwa franga ile Katanga ilinunua silaha, ikalipa wazungu wa kukodiwa, ikajijengea jeshi dogo la anga, Avikat.

Mwezi wa 2, 1961, ndeke tatu za Fouga Magister zilifika Luano ndani ya tumbo la ndeke kubwa ya mizigo. Fouga ilitengenezwa Ufaransa kwa ajili ya kufundisha bapiloti wapya. Ina viti viwili, moteri mbili ndogo za jeti, na mkia uliofunguka sawa herufi V. Ya Katanga ilifungwa bunduki mbili za mashine na fasi ya kutundika mabomu madogo. Kwa vita ya kweli kati ya ndeke na ndeke, Fouga ni kama kuku mbele ya mwewe. Moja ilianguka mbele ya mapigano makubwa, ya pili ikakamatwa na ONU mwisho wa mwezi wa 8. Ilibaki moja, Kolwezi, mikononi mwa Mbeleji, José Magain.

Moja ilitosha.

Asubuhi ya tarehe 13 mwezi wa 9, 1961, ONU ilianzisha Elisabethville operesheni ya Morthor. Saa zile zile, hapa Jadotville, basoda 155 wa Ireland wa kompani A walikuwa wengine wao mu misa ya inje wakati bajandarme wa Katanga na wazungu wa kukodiwa walianza kuwapiga. Quinlan alikuwa amewachimbisha mahandaki mbele ya siku ile, na mahandaki yale njo yaliwaponya. Walishikilia siku tano, wakizungukwa na watu wengi kuliko wao. Fouga ilikuwa inapita juu yao, inamwaga risasi na mabomu, inarudi Kolwezi kujaza, inakuja tena. Magari yao yaliharibika. Maji yaliisha. Elikopta moja ya ONU, yenye kuongozwa na Mnorwe na Mswedi, ilifaulu kushuka katikati ya risasi na bido za maji. Kumbe bido zile zilikuwa zimebeba mafuta mbele, na maji hayakunyweka.

Na msaada? Basoda walitumwa kutoka Elisabethville mara mbili. Mara mbili walifungiwa kwenye daraja la Lufira, na Fouga iliwafuata hata pale. Ndeke za ONU za kubeba mizigo zilipigwa zikiwa zimesimama chini. Tarehe 17 Quinlan alisalimisha silaha. Hakuna hata mmoja wa watu wake alikuwa amekufa. Waliachiliwa mwezi wa 10, na huko kwao walibebeshwa haya kwa miaka mingi kwa kazi ile walifanya vizuri.

Usiku wa 17 kuamkia 18 mambo yalizidi. Katibu Mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, Mswedi, alikuwa njiani kwenda Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, kuongea na Tshombe juu ya kusimamisha mapigano. Juu ya kuogopa Fouga, ndeke yake ya DC-6 ilipita usiku na ilizunguka mbali upande wa mashariki, njia ndefu sana kuliko ile ya kawaida. Ilianguka karibu na Ndola. Watu wote 16 waliokuwa ndani walikufa. Sababu ya ajali ile ingali inachunguzwa na ONU mpaka miaka ya leo. Lakini hata ukiacha maswali yote ya Ndola pembeni, ndeke moja ya kufundishia ilifanya mkubwa wa ONU abadilishe saa na njia ya safari yake.

ONU ilikuwa na maelfu ya basoda mu Kongo, na DC-3, na DC-4, na elikopta. Ndeke ya kupigana, hakuna. Ethiopia ilikubali kutoa jeti zake, lakini ruhusa ya kupita mu anga za makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilichelewa mpaka siku za hatari zikapita. Kisha Hammarskjöld kufa, mambo yalikwenda mbio. Ethiopia ilileta F-86 Sabre, India ilileta Canberra za kutupa mabomu, na Sweden, inchi ya yule aliyekufa, ilileta pipa.

Juu ya nini ilikuwa nene

Kampuni Saab ya mji wa Linköping ilianza kuchora ndeke hii mwisho wa vita ya pili ya dunia. Sweden haikuingia mu vita ile. Haikuwa imepigana vita yoyote tangu 1814. Lakini iliona jirani zake wanavamiwa mmoja kisha mwengine, na iliamua kujitengenezea silaha yenyewe, isitegemee mtu.

Mu 1945 injiniere wa Saab, Frid Wänström, alirudi kutoka Uswisi na karatasi za utafiti wa Wajerumani juu ya mabawa yaliyolala nyuma. Mpaka wakati ule mabawa ya karibu ndeke zote yalikuwa yamenyooka sawa mikono ya msalaba. Ndeke ya namna ile, ikikaribia mwendo wa sauti, hewa inajazana mbele ya bawa na kulikataa. Ukililaza bawa nyuma kidogo, hewa inalipita kwa upande. Ni kama wale wanaleta makala Likasi kwa baiskeli: kilima kikiwa kikali mtu hasukumi moja kwa moja, anakata kwa upande, na mzigo ule ule unapanda. Bawa la Tunnan lililazwa digrii 25. Hakuna ndeke ya vita ya Ulaya ya Magharibi, kati ya zile zilitengenezwa kwa wingi kisha vita, iliyokuwa na mabawa ya vile mbele yake.

Unene ulitoka kwa moteri. Sweden ilichukua moteri ya Waingereza, de Havilland Ghost, ikaitengeneza kwake kwa ruhusa. Ghost inasukuma hewa kwa gurudumu moja kubwa linalozunguka na kutupa hewa pembeni, kwa hiyo moteri yenyewe ni pana, ya mviringo, sawa sufuria ya matanga. Ndeke ilibidi ifunge mwili wake kuzunguka sufuria ile. Hewa inaingia kwa mdomo wa mbele, inapita mu bomba lililonyooka, inafika moteri, moto unatokea nyuma. Piloti anaketi juu ya bomba. Urefu wa ndeke yote ni mita 10 na kidogo, na kutoka ncha ya bawa mpaka ncha ya bawa ingine ni mita 11. Ni kusema ilikuwa pana kuliko ndefu. Si ajabu watu waliona pipa.

Siku ya kwanza iliruka ilikuwa tarehe 1 mwezi wa 9, 1948, piloti akiwa Mwingereza, Robert Moore. Wale walicheka umbo lake walinyamaza upesi. Ilipita kilometa 1,000 kwa saa. Mu mwezi wa 5, 1954, moja ilizunguka njia ya kilometa 500 kwa mwendo wa kilometa 977 kwa saa, na dunia yote haikuwa imeona mwendo ule kwa safari ya namna ile. Mpaka 1956 Saab ilikuwa imetoa 661.

Ilikuwa na ubaya wake, na haufai kufichwa. Hapakuwa na Tunnan ya viti viwili. Kijana wa Sweden alifundishwa mu ndeke zingine, kisha siku moja aliingia mu pipa peke yake, bila mwalimu nyuma yake, na mabawa yale mapya yalikuwa na tabia ambazo hakuna mtu alikuwa amezizoea. Bapiloti wengi walikufa kwao, mu mazoezi, wakati wa amani. Wale walikuja Katanga walikuwa wametoka mu shule ile ngumu.

Jambo lingine: moteri ni moja. Fouga ilikuwa na mbili. Moja ikizimika, nyingine inakurudisha nyumbani. Mu Tunnan, moteri ikizimika juu ya pori, piloti anabaki na kiti cha kurushwa inje na parashuti. Mtu anayejua pori kati ya Kamina na Lufira anaweza kupima mwenyewe maana yake.

Kutoka Luluabourg mpaka Kolwezi

Tunnan tano za aina ya B zilifika Kongo mwanzo wa mwezi wa 10, 1961. Aina ya B ilichaguliwa kwa sababu mabawa yake yalikuwa na tanki za mafuta za kuongeza, na mu inchi kubwa sawa Kongo mafuta njo kila kitu. Hazikuletwa kwa meli. Ziliruka zenyewe kutoka Sweden, zikishuka njiani kunywa mafuta. Kikosi kiliitwa F 22, mkubwa wake wa kwanza akiwa Sven Lampell. Ubavuni ziliandikwa herufi kubwa: O.N.U.

Kambi ya kwanza ilikuwa Luluabourg, Kananga ya leo. Kutoka pale mpaka Elisabethville ni kilometa zaidi ya 800 kwa mstari ulionyooka, kwenda tu. Piloti akifika juu ya mji alikuwa na dakika chache, kisha lazima ageuke. Ndiyo sababu kisha walisogea Kamina, ile kambi kubwa ya zamani ya Wabeleji. Kutoka Kamina, Jadotville ni kama kilometa 300 na Kolwezi ni karibu zaidi. Kwa Tunnan ni safari ya dakika kama 20.

Hapa mtu anaweza kungoja hadithi ya ndeke mbili zinafukuzana juu ya Panda na Shituru. Haikuwa. Wafaransa wanaita ndeke za namna hii ndeke za kuwinda, lakini mu Katanga Tunnan haikuwinda kitu hewani. Tangu jeti za ONU zilifika, Fouga haikurudia tena kazi ya Septemba, na Tunnan ilipewa kazi ingine: kutafuta ndeke za Katanga fasi zinalala na kuzichomea pale pale. Mbele ya mdomo wake, chini, ilikuwa na mizinga minne ya milimita 20. Risasi moja ya mizinga ile inapasuka ikigusa. Ndeke iliyosimama, yenye mafuta ndani, haipone.

Kwa ONU ilikuwa hesabu nzuri. Kupigana hewani ni bahati nasibu. Kupiga kiwanja cha ndeke asubuhi, wakati adui angali anakunywa kahawa, inahitaji tu kujua ndeke ziko wapi na kufika mbele hazijaondoka. Mapigano yaliporudi mwanzo wa mwezi wa 12, 1961, jeti za ONU zilikwenda moja kwa moja Kolwezi na kupiga kiwanja. Kisha zilishuka kwa vitu vingine: treni, mafuta, njia za kuleta basoda.

Na hapo njo uchungu ulianza kwa watu wa kawaida. Ndeke inayopita kwa mwendo wa kilometa 800 kwa saa inaona paa kwa sekunde chache tu. Madaktari raia 46 wa Elisabethville walitoa kijitabu wakishitaki ONU kwa vitendo vya mwezi ule wa 12, na kati ya mashitaka yao kulikuwa hospitali ya Shinkolobwe, hapa karibu na Likasi, kwamba ilipigwa kutoka hewani. Kijitabu kile kilikuwa pia silaha ya siasa, kilitembezwa Ulaya na Marekani na watu waliotaka Tshombe abaki. Hata hivi, mtu anayekaa chini ya ndeke hana njia ya kujua kama piloti amekuja kwa ajili ya kiwanja ao kwa ajili yake. Watoto wa Katanga walijifunza kukimbilia chini ya miti mara sauti ilisikika, bila kuuliza ilikuwa ya nani.

Kwa wale wanaotaka kujua wazee wao waliona gani: kama babu anasema ndeke ilikuwa nyembamba na mkia wa V, alikuwa anaongea Fouga. Kama anasema ilikuwa na mdomo mbele, kulikuwa mbili zenye mdomo, Sabre ya Waethiopia na Tunnan. Sabre ni ndefu na nyembamba. Tunnan ni ile tumbo. Na kama anasema ilikuwa na pangaboi mbele na kelele ya kukwaruza, hiyo ilikuja nyuma, na ni ya Katanga tena.

Harvard na mvua ya mwezi wa 12

Tshombe hakukubali kubaki bila anga. Mu 1962 Avikat ilijengwa upya kwa siri, mara hii na Harvard: ndeke za moteri moja ya pangaboi, za kufundishia nazo, zilizofungwa bunduki. Mwendo wake haukufika hata nusu ya Tunnan. Mkubwa wa kikosi alikuwa Jan Zumbach, Mpoland, mtu ambaye mu vita ya pili ya dunia aliongoza kikosi cha 303 cha Wapoland kule Uingereza, mu Spitfire, akipiga ndeke za Hitler. Miaka 20 nyuma yake alikuwa anauza ujuzi ule Kolwezi. Vita ya Katanga ilikuwa imejaa watu wa namna ile.

Upande wa ONU, jeti zilipungua. India ilirudisha Canberra zake wakati ilipigana na China mwisho wa 1962. Waethiopia pia walikuwa wameondoa Sabre. Kazi yote iliwabakia Waswedi. Kwao walileta Tunnan zingine nne za aina ya B, na mbili za aina ya C, ambazo hazikuwa na mizinga: mdomoni zilibeba kamera. Hizo mbili, kwa maoni ya wengi wanaoijua vita ile, zilifanya kazi kubwa kuliko zingine zote. Zilipita juu zikipiga picha, na mu picha watu walihesabu Harvard moja moja, chini ya mti gani, kwenye kiwanja gani.

Siku za Noeli ya 1962 bajandarme walianza kupiga risasi kwa basoda wa ONU Elisabethville. Jioni ya tarehe 28 mwezi wa 12 ONU ilianzisha operesheni ya mwisho, Grand Slam. Kwa redio walikuwa wamesikia General Norbert Muke anaamrisha Avikat ipige kiwanja cha Elisabethville usiku wa 29. Waswedi hawakungoja usiku ule.

Asubuhi ya 29 Tunnan ziliondoka Kamina kwenda Kolwezi, kiwanja cha Kengere. Ni mwezi wa mvua, na kila mtu wa huku anajua mawingu ya mwezi wa 12 yanavyoshuka mpaka yanagusa vilima. Hazikuwa na radari ya kuonyesha chini. Roketi haziwezi kutumika vizuri mu wingu la namna ile, kwa sababu piloti anahitaji kuona mbali mbele ya kuachilia. Basi walipita chini ya mawingu, karibu sana na ardhi, na kutumia mizinga. Walirudi mara kadhaa siku ile ile, na walipiga pia kiwanja cha Ngule. Ndeke sita za Katanga ziliharibiwa, na tanki za mafuta. Tunnan tatu zilirudi Kamina na matundu ya risasi. Zilirudi lakini, mu muda wote wa Kongo hakuna Tunnan hata moja iliyoangushwa na adui, na pipa lile nene lilisifiwa kwa kuvumilia risasi.

Zumbach alibaki karibu bila kitu cha kurusha.

Lufira mara ya pili

Basoda wa India wa brigade ya 99, chini ya Brigadier Reginald Noronha, walitoka Elisabethville kuelekea Jadotville, barabara ile ile ambayo msaada wa Quinlan ulifungiwa mu 1961. Kwenye Lufira walikuta madaraja yamevunjwa. Kwa haki hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wale wa kwanza, ambao walikuta daraja lingali. Lakini mara hii hakuna ndeke ilikuja kuwapiga wakiwa wamejikusanya kandokando ya maji, bila fasi ya kujificha. Walivuka kwa kutumia mabaki ya daraja la treni na vyombo vya kuelea. Tarehe 3 mwezi wa 1, 1963, waliingia Jadotville. Wakaaji wengi walitoka barabarani kuwaangalia, wengine wakiwashangilia.

Basi ukiweka Septemba 1961 na Januari 1963 pamoja, mto ni ule ule, barabara ile ile, Union Minière ile ile. Basoda wa India waliovuka hawakuwa na ujasiri kuliko Waireland wa Quinlan, na mtu yeyote aliyesoma habari za siku tano zile hatathubutu kusema hivyo. Tofauti kubwa ilikuwa juu ya vichwa vyao.

Tarehe 14 mwezi wa 1 Tshombe, akiwa Kolwezi, alikubali kumaliza utengano. Tarehe 21 ONU iliingia Kolwezi bila vita. Jadotville ilirudishiwa jina lake la Likasi mu 1966.

Waswedi walikaa bado miezi kadhaa. Mu 1963, wakati wa kurudi kwao, walipiga hesabu ya Tunnan: huko nyumbani zilikuwa zimeanza kupitwa na ndeke mpya, na kurusha zile za kuchoka mpaka Sweden kungekula franga kuliko bei yake. Zingine zilirudi. Zilizobaki ziliachwa Kamina. Ziliwekewa baruti zikiwa zimesimama kiwanjani, na Waswedi wenyewe wakazilipua.